Mdogo Wangu na Mkorosho

Nyumba ya mdogo wangu iko wilaya moja na shamba lake liko wilaya nyingine. Kinachotenganisha Nachingwea na Ruangwa pale kwetu ni kijito ambacho kinapata maji wakati wa mvua tu. Kiangazi unavuka mpaka na ndala zako mguuni bila kujua umevuka. Mbuzi wanavuka, kuku wanavuka. Sisi tulikuwa tunakwenda kuokota korosho upande ule na kurudi kupika upande huu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaulizwa na askari, tena kwa sauti ya kazi, "Mama, tukio limetokea upande gani wa kijito?"

Niseme mapema kwamba shule niliishia darasa la saba na sina uhakika kama nayaandika haya inavyotakiwa. Nina daftari ambalo huwa naandika mambo ya siku, hasa yaliyonichekesha. Pia nataka niwe wa haki. Kwa hiyo sitasema nyumba iko wilaya ipi na shamba liko ipi. Nitasema tu kituo cha polisi cha upande wa shamba na kituo cha upande wa nyumbani. Askari wanahamishwa kila mara, na anayesoma leo anaweza akamnunia mtu aliyehamia juzi.

Ninayemwita mdogo wangu ni mtoto wa mama yangu mdogo, tumelelewa pamoja. Mume wake ni shemeji yangu, na shemeji kwetu ni mtani. Ukikutana na shemeji ukamsalimia kavukavu, watu wanauliza mmegombana lini. Huyu alikuwa akinikuta napeta ufuta anasema, "Shemeji, huo ungo ni wa kupetea au wa kusafiria?" Namjibu, "Wa kusafiria. Jana nilipita juu ya nyumba yenu nikakusikia unakoroma kama mashine ya kukoboa." Tunacheka, siku inakwenda.

Haki yake niitoe hapa, maana mbele huenda nikasahau. Ni fundi mwashi, kuta zake zimenyooka. Mama yangu alipougua alimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, na njiani alikuwa akimwimbia ili asisinzie akaanguka. Simsingizii mema, nayakumbuka.

Na alikuwa anampiga mdogo wangu.

Tulijua. Nikisema tulijua najihesabu na mimi. Mwaka mmoja mdogo wangu alikuja kisimani na jicho limevimba. Nilimgeukia shemeji aliyekuwa anapita na baiskeli yake, nikamwambia, "Shemeji, wanja gani huu unampaka mwenzako mpaka shavuni?" Watu kisimani walicheka. Shemeji alicheka. Mdogo wangu naye alicheka, kwa upande mmoja wa uso. Jioni nikaandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, maana niliona nimesema jambo zuri.

Msimu wa korosho uliopita alikuja kwangu asubuhi, jua halijapanda sana, mkono wa kulia ameufunga kwa kanga shingoni. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

"Umeangukia wapi?"

"Kwenye mkorosho. Nilipanda, nikaanguka."

Nilimtazama. Yeye akatazama kuku. Mtu wa kwetu hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba korosho zikiiva zinadondoka zenyewe na mabibo yake, yale matunda yenye maji. Kazi yako ni kuinama na kuokota. Hakuna mtu anayepanda mkorosho kutafuta korosho, labda awe amechanganyikiwa au anatoroka nyuki.

"Ulipanda kufuata nini huko juu?"

"Dada, nimesema nimeanguka."

Tulipanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Tabibu wa zahanati aligusa ule mkono kidogo tu, mdogo wangu akauma kanga. Tabibu akaufunga na vipande vya mbao, akauliza imekuwaje, akaambiwa habari ya mkorosho. Yeye ni mtu wa hapahapa. Aliweka kalamu chini.

"Hiyo hadithi wapelekee watu ambao kwao hakuna mikorosho," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Mkono umevunjika. Nendeni polisi mkachukue fomu ya PF3, kisha hospitali mkapige picha. Na huko polisi, mama, sema jambo linalofanana na kweli."

Kwa kuwa ilitokea shambani, tulikwenda kituo cha upande wa shamba. Pale kuna kaunta moja na benchi moja. Kwenye benchi walikaa mzee aliyeibiwa mbuzi, vijana wawili wa pikipiki, na bodaboda wetu mwenyewe aliyeingia kujikinga na jua. Askari wa zamu alikuwa kijana mrefu, mgeni, anatoka huko kwenye ziwa, na alikuwa na adabu kuliko askari wote niliowahi kukutana nao. Alimpa mdogo wangu kiti chake mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti ambayo hata mzee wa mbuzi, ambaye sikio lake moja halifanyi kazi, aliisikia:

"Haya, dada yangu, nani amekuvunja mkono?"

Benchi zima likageuka kumsikiliza. Mdogo wangu akainamisha kichwa.

"Nimeanguka kutoka kwenye mkorosho."

Yule kijana akaandika. Naapa aliandika, neno kwa neno. "Mti ulikuwa na urefu gani?"

"Wa kawaida."

"Ulikuwa umefika tawi la ngapi?"

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama picha ya ukutani. "La tatu," akasema.

"Poleni sana," alisema kijana, na alimaanisha. "Hizi kazi zenu ni za hatari. Siku nyingine tumieni ngazi."

Vijana wa pikipiki walitoka nje mbiombio, nikawasikia wakicheka huko. Nilimsogelea askari, nikamnong'oneza kwamba korosho haziko juu, ziko chini, na mume naye yuko chini, yuko nyumbani. Alinielewa haraka, si mjinga hata kidogo. Akashusha sauti.

"Mama, kama ni mambo ya mume na mke, kayamalizeni nyumbani kwanza. Wazee wapo. Mkishindwa, mje. Halafu nyumba yao iko wilaya ile, kwa hiyo mngeanzia kule." Akatupa PF3 imeandikwa *ameanguka*, na akapiga simu hospitali tusikae foleni. Sikujua nimshukuru au nimlaumu. Mpaka leo nafanya yote mawili.

Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka juu ya kiwiko. Nikampeleka kwangu.

Kesho yake habari ilikuwa imeshafika kila mahali, kwa bodaboda nadhani, maana wao ndio redio yetu. Watoto wakipita walitazama juu ya mkorosho wangu na kupiga kelele, "Shuka, mama, utaanguka!" Saa nne akaja shemeji. Alikuwa ameoga, shati limepigwa pasi, na amebeba kuku kwapani. Alisimama pale uwanjani, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Hodi, shemeji! Nimekuja kumchukua fundi wangu wa kupanda miti."

Hapo zamu ilikuwa yangu. Ndivyo utani unavyokwenda, mmoja akitupa, mwingine anarudisha, na nisiporudisha ninakuwa nimemtukana kuliko tusi lolote. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa zuri, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwona mdogo wangu mlangoni, hogo kifuani, anasubiri nimchekeshe yule mtu ili na yeye acheke, ili amfuate nyumbani na mambo yaishe.

Sikujibu. Niliendelea kuchambua mboga.

Shemeji alisubiri. Akajaribu mara ya pili, "Au ungo umekatika bawa?" Nikachambua. Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa ukimya ule. Tabasamu lilimtoka polepole, akaonekana mdogo. Akamweka kuku chini, kuku akakimbia, naye akaondoka bila kumfukuza.

Alipotokomea mdogo wangu alikaa karibu yangu.

"Dada, sitaki afungwe," alisema. "Nisikilize vizuri. Nataka nilale kwenye nyumba yangu na yeye asiwemo. Ni hilo tu. Nikirudi na mkono mmoja naye yumo, sitaweza hata kujikinga."

Mtu asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo hapa. Kwa ukoo wa mama zetu, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Ile nyumba imesimama kwenye ardhi ya mama yake mdogo wangu, na kabla yake ya bibi. Lakini mara mbili za nyuma kipigo kilipozidi, mdogo wangu ndiye aliyekimbia, na mjomba wetu wa Malolo ndiye aliyemrudisha kwa maneno mazuri. Mwenye nyumba anakimbia na kanga moja, mgeni anabaki anakula mihogo ya shamba. Na sisi sote tuliona sawa.

Tukaenda kituo cha upande wa nyumbani. Hapo palikuwa na dawati la jinsia na watoto, na dawati lenyewe lilikuwa ndani ya chumba chenye mlango. Mlango wa kawaida wa mbao, umeliwa na mchwa chini, lakini ulifungwa. Ndani alikuwa mama askari wa makamo, mtu wa kusini hukuhuku, miwani imefungwa kwa uzi. Alisoma ile PF3. Akaisoma tena. Akavua miwani.

"Mimi nimezaliwa chini ya mikorosho," alisema. "Bibi yangu aliokota korosho mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuanguka kutoka juu. Tukuandikie historia?"

Mdogo wangu akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mama askari akasubiri mpaka kikaisha. Akasogeza karatasi mpya. "Sasa niambie."

Akasema. Chakula cha usiku uliopita kilichelewa, ndiyo sababu aliyoitoa mume. Alimpiga kwa mpini wa jembe.

Nisimfanye mama askari malaika. Alimfokea mdogo wangu: "Kwa nini hukusema kweli kule? Sasa nina maelezo mawili yanayopigana!" Nikaona mabega ya mdogo wangu yanaanza kujikunja tena. Nikasema, kwa woga, kwamba kule kuna benchi. Akanitazama. Nikamweleza benchi, mzee wa mbuzi, bodaboda. Akasema, "Haya. Nimekosea kufoka." Sikuwahi kumsikia askari akisema hivyo, na nimeandika ili nisije nikafikiri niliota.

Nikamuuliza sheria za wilaya hizi mbili zinatofautiana vipi, maana kule tuliambiwa tuyamalize nyumbani. Nilidhani ni swali la maana. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, wilaya haina sheria yake ya kupiga wake! Sheria ni ya nchi nzima. Ya ndoa inasema hakuna mwenye ruhusa ya kumpiga mwenzake. Na kumvunja mtu mkono ni kosa, hata awe mkeo, hata awe nani. Kule wana kaunta, hapa tuna chumba. Yule kijana hajapangiwa dawati, na mimi nimepangiwa. Basi." Halafu akaongeza, kama mtu anayekiri, "Na hata mimi siku nyingine nimechoka, nawaambia watu wakayamalize."

Kisha akauliza kama kuna mtu aliyeona mara za nyuma. Anayeweza kusema lini.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari.

Nilitumia saa nzima kwenda na kurudi kulichukua, na njia nzima nilitamani niwe nimelipoteza. Mama askari alilifungua mezani. Akasoma habari ya wanja mpaka shavuni, pamoja na tarehe. Akafunua. Habari ya siku niliyomwambia shemeji kwamba mkewe anachechemea kwa kucheza ngoma peke yake. Akafunua. Habari ya jino: niliandika kwamba nyumba ile mahindi ya kuchoma sasa yataliwa na mmoja. Mara saba, zote na tarehe, zote kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la saba. Hakucheka hata moja. Alinakili polepole huku akiniuliza, "Hapa ulimaanisha jicho? Hapa ulimaanisha mguu?" Nami najibu, "Ndiyo. Ndiyo." Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, ananisikiliza nikitafsiri utani wangu.

Tukiwa tunatoka nilimwambia anisamehe. Akasema, "Angalau wewe uliandika." Sijajua bado kama alinifariji au alinichoma. Naogopa kumuuliza.

Shemeji alichukuliwa na polisi kesho yake akiwa kazini. Mdogo wangu akaniambia nimpikie ugali na kisamvu nimpelekee kituoni. "Lakini usimwambie nimekutuma." Nilipeleka. Shemeji alikula, akasema, "Mwambie chumvi imezidi," nami nikamjibu sijui anamzungumzia nani. Baada ya siku mbili kaka yake wa Narung'ombe alimwekea dhamana, kwa sharti kwamba asikanyage ile nyumba mpaka kesi iishe.

Ndipo mjomba akaja kutoka Malolo, kofia kichwani, uso wa mtu aliyejua ameitwa kwa sababu gani. Tulikaa uwanjani kwa mdogo wangu, kwenye mikeka. Shemeji alisimama nje ya ua na kaka yake, kwa sababu ya lile sharti, na ilibidi wasemeshwe kwa sauti juu ya uzio. Mjomba alianza kwa habari za mbali, kama kawaida yake. Alisema miaka aliyokaa Msumbiji aliwasikia wakitangaza kwamba mke akipigwa, hata jirani anaweza kwenda kushtaki. Sijui ilivyo kweli, naandika alivyosema. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mama askari anasema hata hapa mtu yeyote anaweza kutoa taarifa.

"Hata hapa?"

"Hata hapa, mjomba."

"Sasa mbona hakuna aliyekwenda?"

Mjomba mwenyewe alitazama vidole vya miguu yake. "Mara mbili nilimrudisha," alisema, akajisemea mwenyewe zaidi kuliko sisi.

Zamani, mume akija kuoa kwetu alikuja na shoka lake na mkeka wake. Ndoa ikiharibika, mjomba anamkabidhi shoka mkononi, na hapo hakuna hotuba nyingine. Mjomba akainuka, akaingia ndani kulitafuta. Tukasikia vyombo vinagongana. Akatoka nalo, akaelekea kwenye uzio.

"Mjomba," akasema mdogo wangu, "hilo shoka ni langu."

"Lako?"

"La marehemu mama. Yeye hakuja na shoka. Ni fundi."

"Alikuja na nini?"

"Pima maji na mwiko."

Mjomba alisimama na shoka mkononi, mzee wa watu, hajui mila inasema nini kuhusu pima maji. Kaka yake shemeji aliinama, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Mwishowe mjomba akarudi ndani, akatoka na pima maji na mwiko wenye saruji iliyokauka, akavipitisha juu ya uzio. Shemeji akavipokea kwa mikono miwili. Akanitazama, na nikajua anasubiri. Zamani ningesema kitu. Nilimwambia, "Nenda salama," basi, na nililimaanisha hilo.

Lilibaki lile la maelezo mawili. Mama askari alikuwa amepiga simu kituo cha upande wa shamba asubuhi nzima, kwa sababu jalada lilitakiwa liwe kule ambako jambo lilitokea. Wiki iliyofuata yule kijana mrefu akaja shambani mwenyewe, na karatasi zake kwenye bahasha. Alisimama chini ya ule mkorosho, akautazama kuanzia shina mpaka juu.

"Dada yangu, naomba unionyeshe. Maana wenzangu wananicheka mpaka leo. Mnapanda vipi?"

"Hatupandi, afande. Zikiiva zinaanguka. Unainama unaokota."

Akachuchumaa na sare yake. Akaokota bibo, akajaribu kulitenganisha na korosho, maji yakamrukia kwenye shati. Tulipiga kelele wote wawili kwamba doa la bibo halitoki. Akasema basi abaki nalo, amelistahili. Kisha akafungua bahasha, akaweka karatasi juu ya goti, na safari hii akauliza kwa sauti ndogo, japo hapakuwa na mtu mwingine.

"Ulikuwa umekaaje?"

"Nilikuwa nimeinama," alisema mdogo wangu. "Nilikuwa naokota. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilisikia majani makavu, nikajua, nikainua mkono."

Aliandika. Akamsomea. Mdogo wangu akasahihisha sehemu moja: askari alikuwa ameandika *jioni*, akamwambia ni asubuhi. Kisha akaweka dole gumba la mkono wa kushoto.

Tangu afungwe hogo alikuwa analala kwangu; siku ile tulivuka kijito na ndala mguuni, anarudi kwake. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Kuufungua kwa mkono mmoja na meno kulimchukua muda, na kila nikinyoosha mkono nimsaidie alinigeuzia mgongo. Kufuli nalo likamsumbua. Mwisho likaachia. Akaingia, akatazama ndani, kule kwenye kona kulikokuwa na pima maji, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshaweka mguu mmoja kizingitini.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Si nilale na wewe leo?"

"Nenda kwako, dada. Ungo wako uko hapo nje, safiri."

Nikatafuta jibu, na kwa mara ya kwanza sikulipata. Akafunga mlango. Nilisikia komeo likiingia kwa ndani.